Gogo Lisilolia

Likasi, Jumapili, mwezi wa pili, 1976. Huu ni mwaka wa nne tangu nitoke nyumbani, na mwezi wa tatu tangu wewe upande treni ukaniacha huku.

Mpendwa yaya Banza, kaka yangu mkubwa,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu shuleni tulifundishwa kuanza barua hivyo, na mimi niliacha shule darasa la nne, sijui kuanza kwingine. Usilifurahie sana neno hilo.

Huku tuko hai. Mvua haikatiki. Kambi ya wakata magogo ni ileile, turubai zinavuja palepale zilipokuwa zikivuja, na misumeno ni ileile ila imezidi kuwa butu. Kapita, msimamizi aliyewekwa mahali pako, ana sauti kubwa lakini hapigi mtu. Mgongo wangu umeanza kuuma upande wa kushoto, ule wa kubebea. Hizo ndizo habari zangu. Sasa nikupe za kwako.

Wiki iliyopita Mwamba, yule kijana wa kijijini kwetu anayefanya kazi kwenye treni, alishuka hapa akanitafuta mpaka kambini. Alikaa juu ya gogo, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Ilunga," akasema, "dada yako Monga analala mu jikoni."

"Jikoni kwa nani?"

"Kwenu. Kwa yaya yako. Batoto bote wawili balishabebwa na batu ba marehemu Kasongo. Banasema Monga alikula bwana yake."

Nikamwuliza, na yaya Banza anasema nini? Akaangalia chini, akawa anachokonoa gome la gogo kwa ukucha.

"Alikaa pale na wazee. Bakamuuliza kama kule Likasi kulikuwa kitu. Akajibu, 'Minye sijui. Udongo ulianguka. Ni mambo ya Mungu.'"

Amenieleza kwamba mahindi yakishavunwa koo mbili zitakaa tena, na hapo ndipo watakata neno: dada yetu atoke mikono mitupu, watoto wabaki kule moja kwa moja, na yeye aitwe mpaka kufa mwanamke aliyemla mume wake kwa uchawi. Wewe utakuwa umekaa kwenye kiti cha mkubwa wetu, maana baba hayupo. Neno lako moja linaweza kumrudishia watoto. Basi nakukumbusha neno lenyewe, kama limekutoka.

Unakumbuka Jumapili yangu ya kwanza hapa mjini? Nilikuwa bado nanuka moshi wa nyumbani na viatu ulivyoniazima vilikuwa vikubwa. Ulinipeleka nyuma ya kanisa, penye safu ya miti mirefu iliyopandwa na wazungu, ukaniambia nichume jani. Nilitazama juu, nikatazama chini, sikuona jani. Ulicheka mpaka watu waliotoka misa wakageuka.

"Mupumbafu! Huu hauna majani, uko na sindano. Ni sapini."

Ulivuta kishada kimoja cha huo msonobari ukanionyesha jinsi sindano tatu zinavyotoka ndani ya ala moja, kama vidole vya kuku. Ukanipa gome nilinuse. Kisha ukavunja tawi, ukaliweka kwenye sikio langu, ukalikunja polepole. Likalia. Kr, kr, kr, likalia muda mrefu kabla ya kukatika. Ukasema wachimbaji wa zamani walipenda mti huo ndani ya mgodi kwa sababu unalia mapema, na mtu anayesikia anapata nafasi ya kukimbia.

Halafu ukatoa ndani ya koti tawi lingine. Ulikuwa umelibeba kutoka msituni makusudi. Lilikuwa la musuku, mti wa matunda matamu tunaoujua sote tangu tukiwa wadogo. Ukaniambia nisogeze shavu. Ukalikunja vilevile. Halikusema kitu. Lilikatika mara moja, tap, na ncha yake ikanichana chini ya jicho.

"Huyu anakufa bubu," ukasema, ukanifuta damu kwa kidole gumba. "Sasa hautasahau."

Sijasahau. Alama ninayo.

Baada ya hapo ulinifundisha kila siku. Kwanza majani. Jani la muputu: vijani vinakaa viwiliviwili, na viwili vya mwisho ni vikubwa kuliko vingine. Musamba: vijani vingi vyembamba kama unyoya, na kabla ya mvua majani machanga yanatoka mekundu mpaka mlima unaonekana kama unaungua. Kisha magome, kwa sababu kiangazi majani yanaanguka na mkandarasi anayeuzia mgodi magogo yetu hangojei yaote. Gome la mubanga linabanduka vipande na kuacha madoa ya rangi ya chungwa. Mulombwa ukimpiga shoka anatoa maji mekundu kama damu. Musamba ukimvua gome linatoka refu, la kamba, tunafungia mizigo. Musuku gome lake jeusi, limepasuka vipande vidogo vya mraba kama mgongo wa mamba.

Nikikosea mara ya kwanza, nilipata matusi. Nikikosea mara ya pili, ulinipaka upupu shingoni na kazi iliendelea. Kikosi kizima kiliacha misumeno kutazama.

"Angalieni, mudogo ya kapita anacheza ngoma!"

"Cheza, Ilunga, cheza! Leo ni ndoa ya nani?"

Wewe hukucheka. Ulisimama na kile kijiti chako, ukanielekeza mti uleule, ukauliza tena, "Huyu ni nani?" Nami nikajibu huku najikuna na kulia, na nikajibu sawa. Jioni ulinipaka mafuta ya mawese mahali palipovimba, na hukusema pole hata siku moja. Lakini nilipopata homa ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, na njiani ulinitajia miti tuliyoipita ili nisilale. Hilo nalo nalikumbuka. Nalitaja ili usiseme kwamba nimechagua mabaya tu.

Na ulinifundisha soksi. Watu wa nyumbani hawajui soksi ni nini, nawe nadhani hukuwaeleza. Gogo la mgodi linavuliwa gome lote ili wadudu wasilile. Yakishavuliwa na kupakwa vumbi jekundu la barabara, magogo yote yanafanana kama watoto waliooga matope. Kwa hiyo kikosi chetu kilikuwa na desturi: chini kabisa, mahali gogo litakaposimama, tunaacha pete ya gome upana wa kiganja. Hiyo ndiyo soksi. Aliye chini ya ardhi anapapasa soksi kwenye mwanga wa taa yake, anajua ni musamba, anajua kwamba paa likianza kushuka gogo litalia kabla ya kuvunjika. Ulitukataza kupakia gogo lisilo na soksi. Ulimfukuza mtu kazi kwa sababu hiyo. Nilikuwepo, na nilijivuna kwamba kapita yule ni kaka yangu.

Sasa nimfikie Kasongo, shemeji yetu, ambaye wewe ulimwozesha dada yetu kwa mkono wako mwenyewe. Kazi yake ilikuwa hiyo: kusimamisha magogo chini kule na kuyasikiliza. Kila Jumamosi alikuja kambini na chupa zake, nawe ulimwita Sungura kwa ajili ya masikio yake.

"Sungura amefika! Ficheni karanga!"

"Cheka tu, shemeji," alijibu. "Masikio hii ndiyo inamulisha dada yako."

Unakumbuka Jumamosi ile aliyolishika gogo lililolala karibu na moto, akapitisha kiganja kwenye mahali pa kukatia? Akasema hahitaji hata soksi kujua gogo lako. Shoka lako linauma mara mbili kwa mshazari na kuacha mdomo mdogo katikati. "Hii ni ya shemeji. Naijua kama sauti yake." Ulifurahi mpaka ukammiminia yeye kwanza, kabla ya wazee wa kikosi.

Mwezi wa kumi na moja ulikuja, na sikukuu ya serikali. Mkandarasi alitaka malori yajae kabla ya watu kwenda kucheza mbele ya wakubwa. Musamba wa karibu tulikuwa tumeshawamaliza, sisi na wachoma makaa. Waliobaki walikuwa nyuma ya milima. Ulinituma mimi na wenzangu wawili tukawatafute. Tulitembea siku kadhaa, tukawapata, msitu mzuri, tukaweka alama kwenye vigogo, tukarudi tukiwa na furaha ya wajinga.

Tuliporudi tulipita barabarani. Hapo nikaona visiki, pande zote mbili, vibichi. Sikuhitaji kuuliza mtu. Majani yalikuwa yamelala chini, mapana kama sahani, yameanza kunyauka. Magome meusi ya mraba yalikuwa yamelundikwa. Masuku mabichi yalitawanyika kila mahali, hayakupewa muda wa kuiva. Na kando, ndani ya nyasi, niliona pete za gome, upana wa kiganja, nyingi. Kikosi kilikuwa kimeacha soksi kwa mazoea ya mikono, kisha mtu akaamuru zivuliwe. Visiki vilikuwa na mdomo mdogo katikati. Nilipiga magoti nikavipapasa. Wenzangu waliniuliza nimepoteza nini.

Tulifika kambini. Mpishi akasema, "Kasongo hayuko tena. Paa ilianguka."

Kwenye kilio alinifuata mtu mmoja aliyefanya kazi zamu moja na shemeji, mguu wake umefungwa. Alitaka kunifariji. Alinieleza kwamba magogo yale yalipofika chini bila soksi wenzake walisita, wakataka kuyarudisha. Kasongo akapitisha kiganja mahali pa kukatia. Akacheka. "Haya ni ya shemeji yangu Banza. Simamisha." Wakasimamisha. Paa lilikuwa likitoa vumbi kidogo, lakini akawaambia wakae wale chakula chao, hakuna haraka, gogo litawaambia wakati. Akakaa karibu zaidi kuliko wote, sikio upande wa gogo, kama siku zote. Yule mtu alisikia tap moja tu. Walipomtoa Kasongo, ugali ulikuwa bado mdomoni.

Yule mtu alimaliza kwa kusema, "Mwambie yaya yako asijilaumu. Kasongo alimwamini sana." Nilimshukuru. Ningefanya nini kingine?

Maofisa waliokuja kuandika ripoti ya ajali waliandika kwamba udongo ulianguka. Mtu wa chama alihutubia, akatuita sitwayeni, yaani wananchi, akaenda zake. Mkandarasi alipita kambini akasema atakayefungua kinywa atakwenda kula maharagwe ya Buluo, gerezani. Hayo yote nayajua, usinieleze. Mkandarasi ni mbwa. Lakini mkandarasi hajui musuku wala musamba, kwake vyote ni mbao za kujaza lori. Mtu pekee mwenye amri aliyejua mti ule unavyokufa alikuwa wewe. Ungekuwa hujui, ningekulilia pamoja na Kasongo.

Pale stesheni, siku ulipomsindikiza Monga kurudi nyumbani, nilikufuata mpaka mlango wa behewa. Mtoto wao mdogo alikuwa amelala begani kwako.

"Yaya, nimeona visiki."

"Visiki gani?"

"Vya musuku. Na soksi umezitupa mu nyasi."

Ulimhamisha mtoto bega la pili. "Muti ni muti, mudogo."

"Haukunifundisha hivyo."

"Nilikufundisha pia kufunga kinywa, lakini hilo haukushika." Ukaangalia kama Monga anasikia. Alikuwa anapanga mizigo, amenyoa kichwa, macho yamevimba. Ukanishika kola ya shati. "Sikia. Weye ukisema, sisi bote tunaenda Buluo. Nani atamulisha dada yako? Minye ndiye nitamulisha. Minye. Sasa toka, treni inaondoka."

Nikatoka. Nilidhani kwamba ulikuwa unabeba mzigo wako kwa kuwatunza wale watatu, na kwamba mtu akiamua kubeba aachwe abebe. Sasa Mwamba ananiambia jinsi unavyomlisha. Analala kwenye majivu. Anakula baada ya mke wako na baada ya kuku wa mke wako. Na walipomwita muuaji, wewe, mwenye shoka, ulikuwa umekaa kwenye kiti.

Nimejaribu kukuchukia vizuri na sijaweza, na hilo linanichosha kuliko kubeba magogo. Nikishika gome, nakusikia wewe. Nikikunja tawi, mkono wangu unakwenda wenyewe sikioni. Wavulana walipokuwa wakiuza masuku kwenye mikebe kando ya barabara, niligeuza uso kama mtu aliyemwona mdai wake. Ulinifundisha vizuri mno, yaya. Laiti ungenifundisha vibaya, leo ningeamini kwamba udongo ulianguka.

Unachotakiwa kusema si kirefu. Waambie wazee kwamba magogo yalikuwa ya musuku, kwamba uliyakata wewe kando ya barabara kwa sababu ya haraka, kwamba soksi ziliondolewa kwa amri yako, na kwamba Kasongo aliyasimamisha kwa sababu alitambua mkono wako. Monga hakuwa hata karibu. Alikuwa nyumbani kwake hapa mjini anatwanga.

Najua ndugu zake Kasongo walivyo. Najua wanaweza kukutoza mpaka paa la nyumba, na yule mkubwa wao anaweza asingojee kutoza. Nimelifikiria hilo siku nyingi nikiwa kazini. Kila mara nimepima, wewe upande mmoja na Monga na watoto upande wa pili, na haikunichukua muda. Ukitaka kusema kwamba mdogo wako ni katili, sema. Nilipata mwalimu.

Barua hii nimeifunga kwa gundi na nimempa Mwamba akukabidhi mkononi, ili uwe wa kwanza kuisoma na uwe na muda wa kusema kwa kinywa chako mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima iliyobaki kwangu kwa ajili yako. Nyingine sina.

Ruhusa nimeomba na nimepewa. Mvua zikikatika nitapanda treni. Wewe usije stesheni kunipokea. Mtume Monga. Nikimwona jukwaani na watoto wake wawili, nitashuka, nitakuja kwako, nitakula chakula chako, na jambo hili sitalitaja tena mpaka nife. Nikimwona amesimama peke yake, nitamshika mkono tupite mbele ya mlango wako bila kubisha hodi, twende moja kwa moja kwa watu wa Kasongo, na nitaanza kwa kutaja jina lako.

Nitegemee Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tano, treni ya mchana.

Mimi mdogo wako wa titi moja,
Ilunga